Bwawa Langu Halijai

Jumatatu, tarehe 3 Mei

Mimi nimezaliwa na bahati, na ninaandika hivyo kwa wino ili isifutike. Wiki ya tatu ya mvua na bwawa langu halijagusa alama nyekundu. Halijagusa hata ya njano! Mwenzangu wa bwawa la pili, tunayemwita Karani kwa sababu anaandika hata akipiga chafya, lake linaumuka kila asubuhi kama unga uliotiwa hamira. Anapiga pampu mara nne kwa siku. Mimi napiga usingizi.

Kwa atakayesoma haya nikishakuwa mtu mkubwa: dampo linatoa mchuzi. Ndivyo tunavyouita. Mvua inanyesha juu ya mlima wa taka, maji yanapita kwenye nepi, betri, viatu na vichwa vya samaki, yanatokea chini meusi kama kahawa ya juzi. Mabomba yanayakusanya na kuyamwaga kwenye mabwawa yetu mawili, yaliyotandikwa plastiki nene. Tunayalinda humo mpaka lori lije kuyanyonya. Lisitoke hata tone. Kazi ni hiyo tu. Miaka kumi na moja. Magoti yameshastaafu, mimi bado.

Habari kubwa: linachimbwa bwawa la tatu. Injinia atachagua msimamizi Ijumaa. Msimamizi atapewa kiti chenye mgongo! Mimi kwa sasa nakalia ndoo.

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Buti la kushoto linaingiza maji. Nimevaa mfuko wa nailoni ndani yake.

Nimepita kwa dada kula. Dada yangu wa tumbo moja, aliyenilea mama alipofariki. Anaishi chini kidogo ya dampo. Ni dobi: anafua mashuka ya nyumba ya wageni kwa maji ya kisima chake cha uani, na kazi hiyo ndiyo inayomweka mjini. Amenuna. Kasema mashuka yanatoka na rangi ya chai, na mwenye nyumba ya wageni amempa mpaka Jumamosi. Yawe meupe au anahamia kwa dobi mwingine. Kasema pia maji yananuka. Nimenusa. Sikusikia kitu. Pua yangu haijasikia kitu tangu mwaka wa pili wa kazi.

Nimemwambia tatizo ni sabuni. Mimi ni mtu wa maji, najua. Kaniambia, haya mtu wa maji, kula unyamaze.

Nimemuahidi sabuni ya maana. Siwezi kumwona dada yangu anaadhirika nami nipo.

Jumatano, tarehe 5

Mpango! Karani leo amefika alama nyekundu. Jasho linamtiririka. Nikamtangulia kwa Injinia, buti nimelisafisha (moja), nikasema kwa unyenyekevu kwamba bwawa langu lina nafasi, mchuzi wa mwenzangu uje kwangu, mimi sina choyo. Injinia ni mama mwembamba asiyecheka. Akauliza nafasi hiyo naitoa wapi wakati mvua tunayonyeshewa ni moja. Nikamjibu, bosi, ni mkono tu. Akaandika kitu. Nadhani jina langu.

Mchana kutwa tumekokota bomba, mimi na Karani, tukisukuma mchuzi wake kwangu. Mgongo umekatika vipande. Kanishukuru, masikini. Hajui anajichimbia kaburi. Lake limeshuka. Langu limepanda hadi njano, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikaogopa kidogo. Nikajikaza.

Alhamisi, tarehe 6

Limeshuka! Shibiri nzima chini ya njano! Na mvua imenyesha usiku kucha! Na lori limekwama kwenye tope tangu Jumamosi!

Nimemwita Karani aje ashuhudie. Badala ya kupiga makofi kaniuliza: mzee, maji yameenda wapi? Roho mbaya hiyo. Nikamwambia yamekauka. Yamekauka kwenye mvua? Nikamwambia kuna jua la ndani. Akafungua daftari lake, akaandika "jua la ndani", akaenda nalo kwa Injinia.

Wamerudi wawili na kopo la unga wa kijani. Injinia kasema ni rangi ya kupimia, haimdhuru mtu, ataitia bwawani aone maji yanakimbilia wapi. Nikamwambia tia bosi, tia kopo zima, maji yangu yametulia kama mgonjwa. Nikakoroga mwenyewe, kwa ule mti wangu mrefu wenye ncha ya chuma ninaoopolea chupa na matairi. Bwawa limependeza kama juisi.

Jioni nimempelekea dada mche mzima wa sabuni. Ya kijani. Kanibariki.

Ijumaa, tarehe 7

Injinia ameahirisha uteuzi. Kutwa amezunguka na mwavuli akichungulia mifereji. Hakuna kijani popote. Nimemfuata nyuma nikikohoa kwa heshima. Nimeshachagua mahali pa kuweka kiti.

Karani hakunisalimia. Nimemgawia chakula changu hata hivyo. Alionekana hajala. Halafu nikiwa bosi nitamhitaji, mtu anayejua kuandika.

Jumamosi, tarehe 8

Naandika nikiwa juu ya ndoo. Aibu.

Saa mbili asubuhi dada ameingia getini na shuka begani. Kijani! Kijani cha kasuku! Mlinzi akataka kumzuia, akasogezwa kwa beseni. Dada akaniita mbele ya watu wote, we bingwa wa maji, njoo uone sabuni yako ya maana! Mashuka ishirini na manne! Leo ndiyo Jumamosi, nimpelekee nini yule mtu, majani?

Nikapaza sauti kwamba kosa ni la kiwanda cha sabuni na nitakishtaki. Nikageuka kutafuta shahidi. Injinia alikuwa analitazama shuka. Akalishika, akalinusa, akamuuliza dada taratibu: mama, maji unateka wapi?

Hapo nikaelewa. Nilikuwa wa mwisho. Hata mlinzi alielewa kabla yangu.

Tumelinyonya bwawa langu likabaki tope. Pembeni, chini kabisa, plastiki imechanika urefu wa mkono. Injinia kasema tundu hilo si la juzi. Mwaka, pengine zaidi. Kasema ni kama limechomwa na kitu chenye ncha. Nikausogeza ule mti wangu nyuma ya ndoo. Naandika humu tu.

Baadaye nimekwenda kwa dada kuomba radhi. Nimekaa jikoni kama mzigo. Akaniuliza, na yale maji tuliyokuwa tunapikia? Nikasema nilikula pamoja nawe, dada. Akasema najua. Ndiyo maana sijakupiga.

Jumatatu, tarehe 10

Karani ndiye msimamizi. Kiti chake nimekibeba mimi. Kizito.

Mwenye nyumba ya wageni amehamia kwa dobi mwingine kweli. Kisima cha dada kimefunikwa kwa mbao mpaka kipimwe. Injinia ameleta tangi la maji safi kwa dada na majirani, na dada atafua ovaroli zetu. Si mashuka ya wageni, lakini ni kazi. Nami nimetolewa bwawani, nimepewa kulinda tangi. Wanadhani ni adhabu.

Lakini jamani! Asubuhi tangi lilikuwa limejaa. Saa sita, limejaa. Saa tisa, halijashuka hata kidole! Mtaa mzima unateka na halipungui! Mkono uleule! Nimeshaanza kumwandikia Injinia barua: anipe matangi yote ya mji.

Sijafika kwenye sahihi, dada kasimama mbele yangu na ndoo. Kavu. Nyuma yake majirani kumi. Ndoo kavu. Kasema koki imeziba tangu alfajiri, wameniita mpaka sauti zimewakauka, na mimi kila nikishapima narudi kukoroma.

Nimezibua kwa waya. Tangi likaanza kushuka, kama tangi la mtu yeyote.

Basi, kwa wino uleule: sikuzaliwa na bahati. Lilikuwa tundu.