Likizo ya Bakoly

Jumatatu, 2 Juni
Baridi ya Antsirabe inapenya hadi ndani ya soksi. Bi Hanta, mkurugenzi wetu, kaniita asubuhi. Kiwanda chetu cha vitambaa vya kutarizi kimepata programu mpya ya mishahara, na wa kuiwekea kanuni za likizo ya mwaka ni mimi, Solofo. Si Bakoly, mkuu wangu wa uhasibu. Nilijikaza nisicheke.
Julai lazima niwe kijijini. Kwa sherehe ya mila yetu, tunamtoa babu kaburini tumvishe sanda mpya, na nimewaahidi ndugu kwamba nitambeba mimi, upande wa kichwa. Tatizo ni Bakoly. Naye anaitamani Julai, ana mlima wa siku za likizo, na ofisi yetu ya watu wawili haiwezi kubaki tupu.

Jumatano, 4 Juni
Nimeweka kanuni mbili. Ya kwanza: ofisi moja, mtu mmoja tu likizoni. Ya pili ndiyo tamu: siku ambazo hazijaombwa hadi mwisho wa Juni zinafutika. Bakoly haombi kamwe, huona aibu. Mlima wake utayeyuka, kisha nitaomba mimi, kwa utulivu, nisishtukiwe. Bi Hanta kasoma, kasema kanuni safi. Nimejipongeza kwa vitumbua vya pale kona.

Ijumaa, 6 Juni
Sikujua programu ina mdomo. Imemtumia kila mtu onyo: omba likizo yako, la sivyo itapotea. Langu sikulisoma. Nisome kanuni zangu mwenyewe?
Bakoly alilisoma lake mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema, dada, naona kompyuta imekosea.
“Kompyuta inidanganye ili ipate nini, mdogo wangu?”
Kabla ya chakula cha mchana alishaomba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Julai. Na Agosti yote. Na Septemba.

Jumanne, 1 Julai
Nimeomba wiki moja tu, ya sherehe. Imekataliwa: Bakoly atakuwa likizoni. Nikaomba Oktoba, kwa hasira. Imekataliwa: sina siku, zimefutika jana. Kaka kapiga simu kuuliza babu atabebwa na nani. Nikamwambia mtandao mbaya.

Alhamisi, 3 Julai
Bakoly kaniletea koba, keki ya karanga, bado ya moto ndani ya jani la mgomba. Hajamwona mama yake kule Toamasina tangu aanze kazi hapa. Alikuwa akiogopa kuomba ruhusa.
“Bila kanuni yako, habari za msiba wake zingenikuta hapa hapa mezani.”
Nikairudisha keki ndani ya jani. Nikamweleza habari za babu. Kwa nini niliweka kanuni ile, hapana. Alicheka, akaingia kwa Bi Hanta. Alipotoka, likizo yake ilikuwa imesogezwa wiki moja mbele, nami nimerudishiwa siku zangu. Bi Hanta kanisimamia nikiirekebisha kanuni ya pili.

Jumatatu, 14 Julai
Nimerudi. Nilimbeba babu upande wa kichwa, nikacheza hadi kiatu kikapasuka. Bakoly, akiwa njiani kwenda kwa mama yake, alipita na kofia mpya kunikabidhi funguo za lango, akanishika bega kama mama. Nimemfurahia kwa dhati.
Sasa Bi Hanta anataka kanuni za saa za ziada. Nimelitazama jambo hili pande zote. Anayefika kwanza asubuhi ndiye alipwe zaidi, na funguo ninazo mimi. Hapa hakuna pa kukosea. Nimeshampigia kaka simu: aanze kutafuta ng'ombe wa kununua.