Filamu Yangu na Mabinti wa Mzee Zaidi

Jumanne, 5 Agosti 2025

Leo nimeamka mwongozaji filamu. Jana nilikuwa mpiga video za harusi tu, tena harusi za wenzangu. Naitwa Anuari, kapera wa Area D hapa Dodoma. Nina kamera moja, kiti kimoja chenye jina langu mgongoni, na filamu moja: Geti la Machozi. Tamasha la filamu linafunga kupokea kazi mwisho wa mwezi huu. Nikilikosa hili, narudi kwenye keki na shampeni mpaka nizeeke.

Zablon wa mtaa wa pili kapeleka yake wiki iliyopita. Kila tukikutana dukani ananiuliza yangu imefika wapi. Ana droni. Mtu akishakuwa na droni adabu inamtoka.

Lakini waigizaji nimepata! Shaban, fundi wa mageti wa Kizota, na mkewe Zuleha. Mke na mume wa kweli wataigiza mke na mume. Sina haja hata ya kuwafundisha kununiana. Sijui kwa nini waongozaji wengine hawajaliwaza hili. Uvivu, nadhani.

Jumatano, 6 Agosti

Tumerekodi siku nzima uani kwa Shaban. Upepo wa Dodoma huu! Vumbi kwenye lenzi, vumbi kwenye chai, vumbi kwenye sauti. Zuleha ana kipaji. Shaban anasoma mistari kama anasoma mita ya umeme.

Kesho ni sini kubwa, mume anamwacha mkewe Rehema. Nahitaji hasira. Shaban hana. Anachomelea vyuma mchana kutwa, jioni anawabembeleza kuku waingie bandani. Nitapata njia.

Alhamisi, 7 Agosti

Teki ya kwanza: alisema Rehema nimekuacha, kwa sauti ya mtu anayeagiza soda. Kata! Teki ya pili: alicheka. Kata! Nikamvuta pembeni nikamnong'oneza kwamba mkewe kaniambia mageti yake yote yamepinda, wateja wanamwonea haya tu. Uongo mtupu. Sanaa ina gharama zake.

Teki ya tatu! Mishipa ya shingo ilimsimama! Akanyoosha kidole, mbele ya kamera na majirani na kuku, akasema: Zuleha, nimekuacha! Siyo Rehema. Zuleha. Nilisema kata huku machozi ya furaha yananitoka. Jina nitalirekebisha nikihariri.

Zuleha hakusubiri kuhaririwa. Alitoka kwenye fremu, akaingia ndani, akafungasha nguo. Kilio alicholia pale kilikuwa bora kuliko filamu nzima, na betri ilikuwa imekwisha. Inaniuma mpaka sasa hivi. Kapanda basi la Kondoa, kwa baba yake. Jirani mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole kwenye ua: moja, mbili, tatu. Kwa hesabu yake ndoa imekwisha kabisa. Shaban kakaa chini kando ya banda la kuku.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Dodoma nzima iko kwenye maonyesho. Zablon anarusha droni juu ya ng'ombe wa watu. Mimi na Shaban tuko msikitini.

Baada ya swala Sheikh Imrani aliangalia teki zote kwenye kamera. Mpole sana, ila hana haraka. Kasema zile mbili za kwanza Shaban alikuwa anasimulia maneno ya mtu mwingine kwa mwanamke asiyekuwepo. Hazina kitu. Ya tatu kataja jina la mkewe, na hasira ilikuwa yake mwenyewe. Hiyo, kwa tahadhari, anaihesabu talaka moja. Shaban amrejee mkewe, wakae. Shaban alilia. Mimi pia nililia kidogo, maana bado nilikuwa na mwigizaji.

Kisha sheikh akanigeukia. Kasema ndoa na talaka hazichezewi, hata ukisema kwa mchezo zinashika. Akamwambia Shaban zimebaki mbili, azitunze. Nikasema mimi nahitaji teki moja tu, ya upande wa dirishani. Shaban alinitoa nje kwa kunishika kola.

Hata hivyo neno la sheikh nimelizingatia. Mchezo haufai. Kuanzia leo kila sini yangu itafanywa kwa dhati.

Jumapili, 10 Agosti

Kondoa, na Shaban. Mzee Zaidi, baba yake Zuleha, anauza nafaka na hapendi filamu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba akiutazama ukuta.

Shaban alimrejea mkewe mbele ya mashahidi. Zuleha akauliza, kutoka nyuma ya pazia, habari za mageti kupinda zimetoka wapi. Wote wakanitazama. Nikaeleza kwamba ile ilikuwa mbinu ya uongozaji. Mzee Zaidi akaniuliza ni kazi gani hiyo, mtu anamdanganya mume halafu anayepanda basi ni mke. Swali zuri, nitaliingiza kwenye skripti.

Zuleha kamsamehe mumewe. Mimi bado. Halafu wote wawili wakajitoa kwenye filamu! Wote! Na imebaki sini moja kubwa, mume anaoa mke mwingine.

Hapo ndipo ilipoingia chai, ameibeba Waridi, mdogo wake Zuleha. Fundi cherehani. Kaomba skripti, kaisoma amesimama, kasema sini ya harusi imelegea. Nikanuna. Kasema ataicheza yeye. Nikaacha kununa. Kasema amewahi kuniona nikirekodi harusi za hapa, na kila bibi harusi akiaga nyumbani mimi hulia nyuma ya kamera. Nikamwambia lile ni vumbi. Akaniuliza kama nina mpango wa kuoa. Nikasema filamu ndiyo mke wangu. Akacheka, akasema uke wenza haumtishi. Huyu ni msanii! Kaanza kuingia kwenye uhusika chai haijapoa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekaa nikachunguza kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Kosa ni kutumia watu walio kwenye ndoa. Kwa hiyo bwana harusi nitakuwa mimi mwenyewe, kapera, salama kabisa. Watazamaji wakiuliza mbona mume kabadilika sura, nitasema alipata ajali ya kuchomelea.

Baba wa bibi harusi atakuwa Mzee Zaidi mwenyewe. Uhalisia! Nilimpigia simu nikamwomba kwa unyenyekevu wote, nikamwambia safari hii hakuna mchezo, ni kwa dhati kabisa. Akauliza kabila la mama, afya yangu, kama navuta sigara, kama nina mke nimemficha mahali. Nilijibu yote. Hajawahi kuigiza, lakini anajenga uhusika kuliko wasanii wa mjini. Kasema niende na wazee wangu.

Nikampigia mama, nikamweleza namhitaji kwenye sini ya ndoa. Kauliza bibi harusi binti wa nani. Nilipomtaja akapiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

Waridi katuma mabadiliko ya skripti. Mahari isiwe cherehani, iwe kamera. Kitu kinachoonekana. Nimekubali. Kamera ipo tayari, sihitaji hata kuiazima.

Alhamisi, 14 Agosti

Shaban kaanza kuzungumza na mimi tena. Kaniuliza kama nimeelewa vizuri kinachofanyika Jumamosi. Nikamwambia hakuna anayeielewa sini ile kunishinda. Alicheka mpaka akaweka chini kile kioo cha kuchomelea.

Zablon naye kaja. Kasema kasikia, na ataleta droni bure. Bure! Akanishika mkono kwa nguvu, akaniambia hakutegemea nina ujasiri huo. Hatimaye mtu kakitambua kipaji changu.

Jumamosi, 16 Agosti

Sini imekamilika! Teki moja!

Kondoa ilijaa. Niliomba watu wachache wa kukaa nyuma, Mzee Zaidi kaleta ukoo mzima, na hakuna aliyedai nauli. Pilau ya kweli. Mama yangu kaja na mashangazi waliovaa sare. Sheikh Imrani kakubali kufungisha mwenyewe, ila kwanza aliniuliza mara mbili kama nafanya mchezo. Nikamwambia sheikh, nilikusikia siku ile, mimi na mchezo basi. Alifurahi sana.

Kabla ya yote alimtuma Mzee Zaidi na mashahidi ndani, kumuuliza bibi harusi kama ameridhia. Hili halikuwa kwenye skripti. Wakarudi wakasema ameridhia, tena kajibu kwa sauti. Nimelipenda, litabaki. Mzee Zaidi akanishika mkono, akaniozesha binti yake Waridi kwa mahari ya kamera tuliyokubaliana. Alitaja jina halisi badala ya lile la filamu. Sikusema kata, nisije nikaharibu. Nikasema nimekubali kumuoa kwa mahari hiyo. Sauti ilinitetemeka. Hapa lazima niseme ukweli: mwenyewe nilijishangaa jinsi nilivyotetemeka, na jinsi nilivyofurahi. Kipaji hicho.

Nikasema kata. Hakuna aliyekata! Mzee Zaidi ananiita mwanangu. Shaban ananiita mwanyumba. Zuleha kanisamehe, kanilisha pilau kwa mkono wake. Godoro, kabati la vyombo na cherehani vikapakiwa kwenye gari. Nikamuuliza dereva vinakwenda wapi. Kasema Area D, kwa Anuari. Watu wa Kondoa wakiingia kwenye uhusika hawatoki!

Jumapili, 17 Agosti

Nyumbani. Wasanii wote wamerudi kwao isipokuwa Waridi. Cherehani yake iko pale kilipokuwa kiti changu, na kiti kiko uani, kuku wa jirani kakalia jina langu. Chai ilikuwa nzuri, sikatai. Chapati pia. Akicheka nasahau nilichokuwa nataka kusema.

Lakini msiba! Nimeangalia sini ya jana. Kamera niliiweka chini mno. Mzee Zaidi anaonekana, sheikh anaonekana, mashahidi wanaonekana, bwana harusi hana kichwa. Harusi nzima ni kanzu na mkono. Na droni ya Zablon imerekodi mabati tu.

Nimemwambia Waridi turudie sini. Kasema hii hairudiwi. Nikaomba basi kamera. Kasema kamera ni mahari yake, na Jumatano anaanza kurekodi filamu yake mwenyewe. Kasema ana nafasi ya mtu wa kushika taa, nikijituma.

Siku moja tu kwenye sanaa, tayari ana jeuri ya nyota! Wiki mbili tu zimebaki tamasha lifunge. Asipobadilika mpaka kesho, natafuta bibi harusi mwingine, na tunafunga kwa Sheikh Imrani huyo huyo, maana yeye mistari yake anaijua.