Mstari wa Msaada wa Mkuu

Idara ya Kurahisisha Huduma iliutangazia umma, kwa fahari kubwa, kwamba cheo cha Mkuu wetu sasa kitaandikwa kwenye programu ya huduma kwa wananchi mahali pamoja tu, yaani pawili. Sisi tuliokaa vikao tisa tunajua haikuwa kazi ndogo.

Awali programu ilikitaja cheo hicho mahali sitini na tatu, neno kwa neno. Tabu ni kwamba cheo kilikuwa kinakua. Mwezi wa pili kiliongezwa "Mlezi", wa tatu "Mlezi Mwandamizi". Kila kilipokua, Mama Pacha, mtunza programu wetu, alibaki ofisini akisahihisha pote sitini na tatu, huku pacha wake wamekaa kwenye benchi la mlinzi wa chekechea, mabegi mgongoni, wenzao wote wameshachukuliwa.

Ndipo akaleta ombi. Cheo kiandikwe mara moja, juu kabisa, kipewe jina fupi, CHEO. Kwingine kote litajwe jina hilo. Makro, zile programu ndogo zinazosoma amri za makarani, zilikuwa hazipokei jina, zinataka maneno yenyewe. Akazirekebisha siku mbili, chakula cha mchana mkono mmoja.

Kamati ilijadili kama kumwita Mkuu CHEO, hivihivi, si kumvunjia heshima. Mjumbe mmoja aliuliza Mkuu ataeneaje kwenye mstari mmoja. Mkuu mwenyewe akaridhia, kwa sharti: mstari wa msaada, ule anaouona mwananchi aliyekwama, ubaki na jina lake, cheo chote na namba yake ya mkononi, aonekane mtu wa watu. "Kwa maneno yenyewe," alisema, "si kwa jina la kupanga." Tena usiguswe ila kwa sahihi ya mwenye cheo. Tukapiga makofi. Simu hiyo, kwa kumbukumbu, ilikuwa inapokelewa na katibu muhtasi wake.

Mwezi wa sita Mkuu akastaafishwa, akaondoka na simu yake, bila katibu. Mama Pacha alifuta mstari mmoja, akaandika "Nafasi Iko Wazi". Sehemu sitini na mbili zikafuata zenyewe. Saa kumi na nusu alikuwa mlangoni pa chekechea, mzazi wa kwanza. Pacha walimtazama kama mgeni, kisha wakamrukia.

Simu yake ikaita: Mkuu mstaafu.

"Binti yangu, watu hawanipi nafasi hata ya kula. Huyu kasahau neno la siri, yule fomu imemkatalia. Niondolee ile namba."

"Shikamoo, mzee. Ningependa sana. Ila inataka sahihi ya mwenye cheo."

"Mwenye cheo ni nani siku hizi?"

"Bado hajateuliwa."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Mama Pacha alikuwa anapokea mabegi mawili kwa mkono mmoja. "Ukikwama, mzee," akasema taratibu, "si kuna mstari wa msaada?"

Idara inathibitisha kwamba aliupigia, kwa simu yake ileile. Ulikuwa unatumika.