Sherehe ya Kumuaga Mzee

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu Lauchlan amesema tena kwamba atakwenda Alberta, upande wa pili wa Kanada. Ana diploma, ana adabu, hana kazi. Tangu mgodi wa makaa ufungwe, vijana wa kisiwa chetu cha Cape Breton wanaondoka mmoja mmoja. Mtaani hakuna hata wa kukemewa kwa kupiga kelele. Kazi moja ingemfaa: kuendesha mashine ya kulainisha barafu katika uwanja wa mpira wa magongo. Lakini inaendeshwa na Alistair Gillis, mwenye miaka sitini na tisa. Uchoyo ulioje! Mzee mzima amekalia riziki ya kijana.

Jumanne, 5 Machi
Nilimwendea Alistair. Nilimshauri kwa upole apumzike, avue samaki. Akauliza nani atawalisha wanawe wawili, watu wazima wasio na kazi, waliorudi kulala katika vyumba vyao vya utotoni. Kisha akacheka: "Na wewe, Mwalimu, mbona bado unagonga mihuri maktabani?"
Nikaaga. Swali lilikuwa nje ya mada.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya. Mtu akishaagwa hadharani, kwa fidla na keki, ataona haya kurudi kazini. Nimekodi ukumbi wa zimamoto. Nimebandika tangazo mlangoni pa maktaba: mji mzima uje kumuaga mzee aliyeutumikia kwa uaminifu. Jina sikulitaja, Alistair asije akashtuka. Hila safi!

Jumamosi, 9 Machi
Balaa! Walikuja wote. Wakanishangilia mimi! Alistair mwenyewe alinikabidhi fimbo ya kuvulia samaki. "Kumbe juzi ulikuwa unajisemea, Mwalimu!"
Mwenyekiti wa kamati ya maktaba akatangaza kwamba nafasi yangu atapewa Lauchlan. Kijana alinitazama. Uso wake haukuwa umeng'aa hivyo tangu tulipomzika mama yake.
Nikapanda jukwaani. Nikaeleza, kwa sentensi kamili, kwamba nina miaka sabini na miwili tu, na kwamba sistaafu. Fidla zikanyamaza.
Lauchlan alikunja viti, kisha akaniletea koti. "Twende nyumbani, Babu. Nje kuna utelezi."

Jumatano, 13 Machi
Basi limeondoka asubuhi. Kabla ya kwenda, Lauchlan aliniondolea theluji kwenye ngazi. Nimepika supu ya watu wawili, kwa mazoea. Nyumba imekuwa kubwa.

Ijumaa, 15 Machi
Alistair ameanguka barafuni. Mgongo umeumia, kazi ameiacha. Hatimaye! Nimewahi kwenye kamati ya uwanja kuiomba nafasi hiyo, mimi mwenyewe, niifanye jioni baada ya kufunga maktaba. Lazima mtu aishikilie mpaka Lauchlan arudi. Nimekubaliwa.
Nyuma yangu alikuwa amepanga foleni mwana mkubwa wa Alistair, kofia mkononi. Nilimwonea huruma, nikampa nasaha. Nilimwambia kwamba vijana wa siku hizi hawana subira.