Tanga Lililosema Uongo

Donat Mulumba, fundi cherehani wa mtaa wa Katuba, alikuwa na mita ya kushonea iliyojua kusinyaa. Ukimpelekea yadi nne za kitambaa, mita ilisoma tatu na nusu, na ile nusu uliiona Jumapili misani, imegeuka kola ya Donat. Watu walijua. Lakini fundi alikuwa na mdomo wa asali, na aliyelambishwa asali hakumbuki kuhesabu vifungo.

Mwaka huo wa 1961 Katanga ilikuwa haijatimiza mwaka tangu ijitenge. Bendera mpya, noti mpya, karatasi mpya; hata cheti chako cha ubatizo kilitazamwa kwa jicho la pembeni kama hakina muhuri mpya. Wazungu wengi walikuwa wamekimbia, na mmoja wao alikuwa mpimaji wa mashua za tanga katika klabu ya ziwani. Klabu ikatangaza mashindano ya Julai, ya sikukuu ya mwaka mmoja wa kujitenga, lakini bila sertifika ya vipimo yenye muhuri wa Serikali hakuna kushindana. Sababu yake ni rahisi: mashua yenye tanga kubwa inakwenda mbio, basi haisaidiwi, yenye tanga dogo inajikokota, basi mwishoni inapunguziwa dakika. Haki tupu.

Donat alizisikia habari hizo akiwa klabuni, anarefusha mikono ya koti la mpishi. Alikuwa na sindano mdomoni. Nusura aimeze.

"Kupima?" akajisemea. "Na mi niko nafanya nini kila siku?"

Siku ya pili yake alikuwa kwa Bwana Adrien, muuza unga na samaki wa chumvi, aliyenunua mashua ya Mzungu mmoja kwa bei ya baiskeli siku Mzungu huyo alipokuwa akifunga masanduku. Adrien hakujua kuogelea wala upepo unatokea wapi. Mabaharia alikuwa amewakodi. Alichotaka ni kombe, na picha yake gazetini amelikumbatia.

Donat aliizunguka mashua akikunja na kukunjua mita, uso mzito kama wa padri kwenye mazishi.

"Patron, tanga yako iko na mita ya mraba makumi mbili. Lakini mita yangu iko na huruma. Inaweza kusoma kumi na mbili."

"Na bantu ba klabu?"

"Beko naangalia karatasi, habaangalie kitambaa. Utafika wa kwanza, kiisha bakupunguzie dakika tena. Patron, utabashinda mara mbili!"

Adrien alicheka mpaka mnyororo wa saa ukaruka tumboni. "Na weye unataka nini?"

"Mi niko muntu ya Mungu. Hata ile pikipiki yako ya Vespa, ya kijani, inatosha."

Ilibaki muhuri. Muhuri ulikuwa mezani kwa Léonie, taipisti wa ofisi moja ya Serikali mjini, binti wa mfanyakazi wa reli, ambaye Donat alikuwa akimsalimia kwa mashairi tangu Pasaka bila kupata hata tabasamu. Léonie aliisoma sertifika mara mbili.

"Fundi, kashe nitakupigia. Lakini uniambie: muntu wa Katuba mwenye cherehani moja, akionekana juu ya Vespa, polisi banamuuliza nini?"

Donat hakuwa amelifikiria hilo.

"Banamuuliza fasi aliitosha, aliipata wapi," Léonie akajijibu. "Kiisha ni boloko. Bwana Adrien aandike kama ameniuzia miye. Makelele ikiisha, utakuya kuichukua."

Donat akaona ni akili, na zaidi ya akili: mwanamke anayekutunzia Vespa si ameshakubali posa? Alitoka pale akipiga mluzi. Adrien akaweka sahihi, muhuri ukagonga karatasi mbili, paa, paa.

Siku ya mashindano palikuwa na baridi kali na upepo mzuri. Na hapo ndipo Donat alipojifunza desturi asiyoisikia kwa mpishi: kabla ya kuanza, kila tanga hushushwa na kulinganishwa na karatasi yake. Rais wa klabu, Mbelgiji mzee, alipima tanga la Adrien mara tatu. Uso ukamwiva.

"Makumi mbili! Hii sertifika ni ya uongo! Nani alipima?"

Miguu ya Donat ilikuwa imeshageuka kuelekea Katuba; kiwiliwili ndicho kilichochelewa. Adrien alikuwa amemshika koti. Jandarme mmoja, askari wa Serikali, aliyekuja kutazama akasogea, na Donat akaanza kuuhesabu mlango wa boloko, vyuma vyake kimoja kimoja.

"Pardon, monsieur le président," sauti ya Léonie ikapenya. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. "Karatasi iko na kashe ya Serikali. Muko nasema Serikali inabeya?"

Jandarme alimtazama rais. Rais alimtazama jandarme.

"Hapana," rais akasema polepole. "Serikali haisemi uongo."

"Basi ni tanga njo inasema uongo," Léonie akasema. "Ikatwe, ilingane na karatasi. Na fundi iko hapa."

Wakampa Donat mkasi. Kukataa ni kukiri. Akakata mita nane za kitambaa kizuri ajabu, kila mkato ukimwingia moyoni, huku Adrien akinung'unika nyuma yake kama sufuria ya maharagwe. Mashua ile kali ikaenda kama bata aliyeshiba. Ilifika ya mwisho, ikapunguziwa dakika zake zote, ikabaki ya mwisho.

"Vespa yangu!" Adrien akanguruma.

"Uliniuzia, Bwana Adrien," Léonie akasema. "Sahihi yako hii. Ao unasema kashe yangu ni ya uongo? Basi tuseme na ile ingine, ya tanga. Jandarme angali pale."

Adrien akamgeukia Donat, akamwonyesha vipande vya tanga. Donat alikuwa ameshaanza kuviokota.

Wiki nzima fundi alikaa kwenye cherehani akirudishia tanga vipande vyake, bure, Adrien amesimama mlangoni. Jumamosi ikaja sauti ya Vespa. Léonie akashuka na yadi mbili za kitambaa.

"Fundi, unishonee nguo ya kiti ya Vespa. Lakini upime."

Donat akapima. Yadi mbili. Akapima tena. Yadi mbili, hata kidole hakikupungua.

"Na malipo?"

Léonie akachomoa karatasi mkobani: *Donat Mulumba, fundi mwaminifu.* Muhuri juu, wino bado mbichi.

Donat aliitundika ukutani. Katuba yote ilipita kuisoma, na ndiyo karatasi pekee yenye muhuri wa Serikali ambayo hakuna aliyeiamini.