Drusila Hajibu Meseji

Awuor, ambaye upande wetu wa Kenyatta Market humwita Redio, aliisoma habari hiyo kwenye simu yake kwa sauti iliyotosha vibanda vinne. Wasomaji elfu kadhaa wa ng'ambo walikuwa wamepiga kura kumchagua shujaa wa kike wanayempenda zaidi katika riwaya za kale za mapenzi. Mshindi alikuwa Drusila, binti wa mtengeneza saa, aliyekaa dirishani miaka saba akimngojea Kapteni.

"Si niliwaambia!" Maurine alipaza sauti, akataka kuinuka.

Hakuweza. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwa wasusi watatu kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya soko hilo: Redio upande wa kushoto, Peres aitwaye Mashine upande wa kulia, na Wanjira, yaani Hakimu, kwenye kisogo. Mteja akishashikwa na watatu hao, hana pa kwenda mpaka ncha za rasta zichovywe kwenye maji ya moto.

"Tulia, Drusila," Mashine alimwonya. "Ukiruka hivyo tena, nitakusuka na sikio."

Jina hilo Maurine alibandikwa na kibanda kizima. Tangu alinunue buku la huyo Drusila kwa mwuza vitabu wa kando ya barabara mjini, hakuwa na mazungumzo mengine.

"Lakini manze, miaka saba!" Redio alisema. "Mimi hata foleni ya choo siwezi ngoja dakika saba."

"Hayo ndiyo mapenzi. Kapteni alimwandikia barua, yeye akaitupa kwa moto bila kufungua. Si ati hakumpenda. Alikuwa anajiheshimu."

"Hiyo si heshima," Hakimu alitoa hukumu. "Hiyo ni kuwasha jiko."

"Na hiyo miaka saba alikuwa anakula nini?" Mashine aliuliza. "Dirisha?"

"Kitabu hakisemi."

"Na nywele? Nani alikuwa anamsuka?"

"Hakuna. Zilikuwa zinamwangukia mabegani zenyewe, kama maporomoko ya maji."

Mikono yote sita ilisimama.

"Zenyewe?" Mashine aliuliza kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa ukoo. "Bila hata mafuta?"

Wakati huo Masila aliingia akiwa amebeba ubao wa mbuzi choma. Yeye huitwa Daktari, kwa sababu ya uangalifu anaoutumia kupasua mbavu.

"Mbona mmenyamaza? Nani amekufa?"

"Hakuna," Redio alijibu. "Drusila ameshinda kura."

"Alikuwa anagombea kiti gani?"

"Cha dirishani," Hakimu alisema. "Lakini wacha huyo wa ng'ambo. Uliza huyu wetu barua yake anaichoma lini."

Maurine alitaka kuificha simu chini ya kitambaa alichofunikwa, lakini Redio alikuwa ameshaichukua, na kwa kuwa hajawahi kusoma jambo lolote kimyakimya, alituhudumia sote:

"'Mo, nataka kukuoa. Ukikubali, nabaki na hii kazi ya Spring Valley. Ukikataa, naenda Lodwar miaka mbili kuweka stima kwa mashule. Kontrakta anataka jibu yangu Ijumaa saa kumi. Wako, Fidel.' Hii ni ya Jumapili."

"Na leo ni Ijumaa," Mashine alisema.

"Na ni saa kumi kasoro robo," Daktari aliongeza huku akiitazama saa yake. "Maurine, kijana wa watu ameangalia tiki mbili za buluu siku tano? Hata mimi mbuzi simfanyii hivyo."

"Anafaa kuja mwenyewe!" Maurine alifoka, ingawa ni vigumu kufoka vizuri ukiwa umeinamishwa shingo. "Sura ya pili tu, Kapteni alikuja bila kuitwa. Mvua inanyesha, ako juu ya farasi, akashuka akapiga magoti kwa matope."

"Fidel ako juu ya ngazi," Redio alimkumbusha. "Akipiga magoti huko, tunaanza kuchangia mazishi."

"Mwanaume akikupenda kweli, anajua unafikiria nini."

"Mimi niko kwa ndoa miaka kumi na nane," Daktari alisema. "Sijui mke wangu anafikiria nini, na huwa ananiambia."

Walicheka wote isipokuwa Mashine, ambaye aliizungusha rasta yake taratibu kuliko kawaida.

"Sista, wacha vitabu kidogo. Unampenda ama humpendi?"

Maurine aliukunja ukingo wa kitambaa. Alipojibu, sauti ilikuwa ndogo.

"Nampenda. Lakini nikisema ndiyo haraka, ataniona rahisi. Yule wa kwanza nilimwambia ndiyo siku hiyo hiyo, na mnajua vile alinifanya."

Walijua. Hakuna aliyecheka.

Mimi, mzee kuliko wote hapo, nilikuwa kwenye benchi nikingoja zamu yangu ya kusukwa mistari, na mpaka hapo sikuwa nimefungua kinywa. Nilimwuliza amefika wapi katika kitabu hicho.

"Sura ya kumi na tisa, Shosho. Unakijua?"

"Nilikisoma kabla mama yako hajazaliwa. Usijisumbue kukimaliza. Kapteni anamwoa binti wa mwoka mikate."

"Anamwoa nani?"

"Binti wa mwoka mikate, aliyeandikiwa barua na Kapteni akajibu siku ile ile. Drusila anabaki dirishani, anapatwa na kikohozi, na katika sura ya thelathini anafariki dunia. Anafariki kwa kurasa kumi na moja, akiwa amevaa vizuri sana."

"Kurasa kumi na moja kukufa!" Daktari alishangaa. "Sisi huku ni picha moja kwa gazeti, tena ile ya kitambulisho."

"Sasa hiyo kura naielewa," Hakimu alisema. "Wamempigia kura ya pole."

Uso wa Maurine ulikuwa umebadilika rangi.

"Nipeeni simu! Nipeeni simu yangu!"

Simu walikubali, ila kichwa hawakumwachia. Redio alibonyeza namba mwenyewe, akaweka spika, akaishika karibu na mdomo wa Maurine kama mtangazaji. Upande wa pili ilisikika keekee ikitoboa ukuta.

"Mo? Ongea haraka, kontrakta ako kwa laini ingine."

"Ndiyo!" Maurine alipiga kelele.

"Ndiyo, niende Lodwar?"

"Ndiyo, usiende!"

"Sasa ni gani?"

"Amesema umuoe!" kibanda kizima kilimjibu, wakiwemo wateja wawili waliokuja kununua wigi tu.

Keekee ilinyamaza. Fidel aliposema tena, sauti ilikuwa kama ya mtu aliyekaa chini.

"Sawa. Wacha nimwambie huyu jamaa." Kisha: "Lakini Mo, siku tano? Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma," alijibu, akaanza kulia, na Mashine akamfuta machozi kwa mkono uliojaa jeli.

Ncha zilipochovywa, Maurine aliondoka karibu akikimbia, maji yakimdondoka mgongoni, kwenda kumtafuta fundi wake Spring Valley. Daktari alirudi kwenye mbavu zake. Mimi nikakalia kiti. Hakimu alinifumua nywele, akachana, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Shosho, huyo msichana alikufa kikohozi kweli?"

"Aliolewa," nilimwambia. "Na Kapteni, ukurasa wa mwisho. Kengele, maua, mvua, kila kitu."

Kitana kilisimama katikati ya kichwa.

"Sasa mbona umemdanganya mtoto wa watu?"

"Kapteni alikuwa amerithi mashamba matatu na hakuwa na kazi ya kufanya. Angeweza kungoja hata miaka kumi na saba. Kontrakta wa Lodwar alikuwa anangoja mpaka saa kumi. Suka, Wanjira, na usinivute."