Jumamosi Nilizompa Gertrude

Jumatatu, 3 Juni 1996

Barua mbili siku moja! Mimi Ephrasia, mhudumu wa wodi, mfua mashuka na mmwaga mabeseni, nimekubaliwa na vyuo viwili vya uuguzi.

Chuo cha mlimani ni cha masista. Asubuhi darasani, mchana kazini hapa hapa kituo cha afya, mshahara unaendelea. Chuo cha ziwani ni miaka mitatu bwenini, kazi marufuku, na ada itoke kwenye kahawa ya ukoo. Mwenye akili timamu anachagua mlimani. Gertrude, mwenzangu wa wodi, kakubaliwa huko na tayari anajipima kofia ya uuguzi kwa kitambaa cha meza.

Mimi nataka ziwani. Nimewaambia wote ni kwa sababu ya hewa. Uongo. Baba alipofariki, Mama alikataa kurithiwa na Baba mkubwa Othmar, akafukuzwa. Nilikuwa na miaka kumi. Tukaambiwa kaolewa ng'ambo, Malawi. Wanasema kukiwa hakuna ukungu, Malawi inaonekana kutoka ufukweni. Miaka kumi na moja nimetamani kuangalia upande ule. Kuangalia tu. Majibu yafike kabla ya tarehe 15.

Juzi Gertrude kaleta tena usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka soko la Mbinga. Kuna mama wa Kinyasa anampimia kwa kikombe cha bati chenye ua jekundu, halafu anamtilia nyongeza viganja viwili na kumwuliza kama wasichana wa kituo wanakula vizuri. Viganja viwili! Mimi sijamwona hata siku moja. Mwaka jana nilimpa Gertrude Jumamosi zangu zote za mapumziko nikachukua Jumapili zake, niwahi kwaya. Nilijiona nimemzidi ujanja.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa kwanza: samaki.

Kwetu Wamatengo mambo mazito yanaamuliwa kwenye sengu. Ukoo mzima tunakula kwa Baba mkubwa, kila jiko linaleta chungu chake, na wazee wakishiba ndipo wanasema. Nikanunua usipa wote wa Gertrude, nikauunga kwa nyanya, nikaupeleka. Shangazi nilimpanga aseme kwamba binti akisoma ziwani, chungu kama hiki kitakuja kila mwezi.

Wamekula! Wamelamba mpaka vifundo vya vidole. Kisha Baba mkubwa akatamka kwamba tangu ushirika uyumbe na hawa wanunuzi wa pikapu waanze kupita, hata yeye hajui kahawa yake ataiuzaje, hivyo ada hakuna, niende mlimani. Akauliza kama usipa umebaki.

Shangazi akaropoka kwamba mkono huo wa kupika ni wa Margareta. Margareta ndiye mama yangu, na jina lake halikuwahi kutamkwa pale tangu aondoke. Nikaenda kusugua vyungu kwa majivu, nikalia huko huko. Namtaka mama yangu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa pili. Huu hauna tundu.

Gertrude kasikia kwamba kule ziwani wanawasomesha bure Waanglikana. Kwa hiyo mimi ni Mwanglikana. Kinachotakiwa ni barua ya padri wao. Nimefanya mazoezi siku mbili: nisipige ishara ya msalaba, nisipige goti, nisiseme Tumsifu Yesu Kristo. Nimejifunza kusema Bwana Yesu asifiwe mbele ya kioo, mkono juu kidogo. Gertrude kanifumania, kaniuliza kama nimepata homa.

Sista Beata, mkuu wetu, nimemwambia kwaya inakwenda mafungo ya siku tatu. Alifurahi jamani. Akaniomba nimwombee. Mimi ni mtu mbaya. Lori la ziwani linaondoka kesho alfajiri.

Jumapili, 9 Juni

Aibu! Aibu tupu!

Nimeingia kanisani kwao nikiwa nimekakamaa kama mti wa bendera. Kumbe! Ubani unafuka. Kengele inalia. Padri kavaa kasula kama ya paroko wetu. Watu wote wanapiga ishara ya msalaba, watu wote wanapiga magoti, na Mkatoliki peke yake kanisani, yaani mimi, kasimama wima mikono mfukoni. Bibi mmoja alinivuta sketi nipige goti. Nilipomwambia Bwana Yesu asifiwe aliniuliza kama nimeokoka, na kama ndivyo, nimefuata nini kwao.

Baada ya misa Padri Meshack akaniita. Aliuliza kwa upole kama magoti yananiuma. Nikamwaga yote. Alicheka mpaka akatafuta benchi. Akasoma fomu yangu ya chuo, akanionyesha kwa kidole: barua ya kiongozi wa dini yoyote. Yoyote! Paroko wangu angeiandika kwa dakika mbili. Na wa kusomeshwa bure hayupo, Mwanglikana wala nani.

Halafu akaacha kucheka. Akautazama mwanya wangu. Akauliza kama mimi ni wa Margareta.

Mama hakuvuka kwenda Malawi. Hakuolewa. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kanisani, na kila Jumapili anakaa benchi la pili. Benchi nililokalia mimi! Nikauliza leo yuko wapi. Padri akasema tangu biashara iwe huru mama anauza usipa. Kila Jumamosi anapanda na lori hadi soko la Mbinga na kurudi jioni, ila jana lori lao limekufa huko huko, atarudi kesho. Kuja kwetu anawaogopa watu wa ukoo. Nitamjua, akasema, kwa kikombe cha bati chenye ua jekundu.

Viganja viwili. Vilikuwa vyangu.

Nimeenda kukaa mlangoni kwake. Pamefungwa. Kuna kichanja cha kuanikia usipa, na kanga imesahaulika kwenye kamba. Nimeinusa. Ziwa lilikuwa mbele yangu na Malawi ilionekana safi kabisa, sikuitazama.

Jumatatu, 10 Juni

Nilitaka kumsubiri, lakini mafungo yangu ya uongo yanakwisha leo na lori ni moja. Katikati ya mlima tukapishana na lori linaloteremka, limejaa akina mama na matenga matupu. Nikasimama juu ya magunia nikaita kwa sauti yote: Mama!

Wakageuka wote.

Vumbi likatufunika. Sijui yupi.

Jumanne, 11 Juni

Nimewajibu mlimani: nakuja. Baba mkubwa kafurahi, anadhani ni busara yake. Nitafanya kazi, nitasoma, na Jumamosi nitakwenda sokoni.

Kasoro moja: Jumamosi ni za Gertrude. Nikizidai itabidi nimweleze, naye atataka shukrani kwa usipa wote aliowahi kula. Sista naye siwezi kumwomba. Kaniuliza mafungo yalihusu nini, nikasema kunyamaza, na tangu hapo ananiheshimu. Ila nina mpango. Malaria.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa kitanda namba sita. Masikio yanavuma.

Alfajiri nilitetemeka vizuri sana. Nilitarajia Sista aniambie nikapumzike nyumbani, nichomoke kwenda sokoni. Hapana! Kanilaza, kanichoma kwinini, kaagiza nisisogee. Nikasinzia mpaka jioni.

Nilipoamka, kando ya mto kulikuwa na kikombe cha bati chenye ua jekundu, kimejaa usipa mpaka unamwagika. Sista akasema saa nne alikuja mama mmoja mwenye mwanya, katembea saa nzima kutoka sokoni. Padri wake kamwambia niko hapa. Akakaa hapa kitandani, akanishika mguu juu ya shuka, akakataa niamshwe kwa kuwa naumwa. Akakaa mpaka lori likakaribia kuondoka. Atakuja Jumamosi ijayo.

Sista akaongeza kwamba ningemwambia tu, angenipa Jumamosi zote mpaka Krismasi.

Nimelia, nimekula usipa, nimelia tena. Gertrude kaomba kidogo. Nimempimia kikombe, bila nyongeza.

Jumamosi ijayo lazima niwe macho. Kumwambia Sista? Akijua malaria ilikuwa uongo ataulizia na mafungo. Hapana. Nimefikiri vizuri: nitateguka mguu. Mguu hauchomwi kwinini.